Mmejenga Reli, Mmemsahau Abiria

Sitauma maneno. Nchi hii ilikopa mabilioni ikajenga reli ya kisasa, lakini wakubwa wetu hawajawahi kuketi wakajiuliza abiria anatoka wapi, anakwenda wapi na ana nini mfukoni. Mahesabu yalifanywa ya kontena. Mahesabu yalifanywa ya bandari, ya saruji na ya tarehe ya uzinduzi. Msafiri akapewa kiti safi na kiyoyozi, akaambiwa apige makofi, na mengine yote akaachiwa mwenyewe.

Tangu Rais Uhuru Kenyatta alipoizindua treni mpya ya Madaraka Express tarehe 31 Mei 2017, kila anayethubutu kuikosoa huitwa mtovu wa shukrani. Huambiwa aikumbuke treni ya kale, ile iliyoondoka Nairobi jioni na kuingia Mombasa kesho yake, ikijaliwa asubuhi, isipojaliwa alasiri. Tunaikumbuka. Mabehewa yalikuwa yamechoka, vyoo havifai, na injini ikiharibika porini hakuna aliyejua msaada utatoka wapi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: safari ya saa tano ni hatua kubwa, na vijana wa Kikenya wanaoziendesha treni hizo na kuwahudumia abiria wanafanya kazi ya kujivunia. Lakini sifa hizo zisitumiwe kutuziba midomo. Awamu ya Mombasa hadi Nairobi pekee iligharimu shilingi bilioni 327 hivi, na kiasi cha asilimia 90 ya fedha hizo ni mikopo ya Benki ya Exim ya China. Anayelipa deni hilo ni mwananchi, awe amepanda treni au hajawahi kuiona. Mwenye kulipa ana haki ya kuuliza, tena kwa sauti.

Basi tuulize. Ilikuwaje treni ya Mombasa ikajengwa isifike Mombasa?

Stesheni ya kale iko kisiwani, mwisho wa Barabara ya Haile Selassie, mwendo wa miguu hadi Mwembe Tayari. Abiria akishuka pale alikuwa amefika. Wa Majengo alikwenda zake kwa miguu, wa Likoni alishika njia ya feri, wa Malindi alitafuta matatu yake papo hapo mjini. Stesheni mpya imewekwa Miritini, bara, na kati yake na kisiwa kuna Changamwe na Makupa, njia ambayo kila dereva wa Mombasa anaijua kwa foleni na malori. Nairobi nako stesheni ikawekwa Syokimau, mbali na katikati ya jiji, ila huko angalau abiria aliunganishiwa treni ya kumfikisha mjini. Wa Mombasa aliachiwa matatu, tuktuk na teksi. Njia ya reli ya kale kutoka Miritini hadi kisiwani ilikuwepo tangu zama za Mwingereza, lakini kazi ya kuifufua ili imuunganishe abiria ilianza miaka kadhaa baada ya treni mpya kuanza kukimbia. Kontena lilijengewa njia yake hadi bandarini. Binadamu akaambiwa angoje.

Mtazame abiria wa treni ya usiku, ile iliyopangiwa kuondoka Nairobi mwendo wa saa nne na kufika mwendo wa saa tisa na nusu. Anashuka Miritini kabla hata muadhini hajaamka. Mtoto amelala begani, begi moja liko mkononi, jingine analiburura. Nje madereva wa teksi wanamwita huku na huku. Matatu haiondoki mpaka ijae. Bei anayotajiwa inapimwa kwa uchovu wa uso wake na kwa ugeni wake. Wapo wanaoamua kukaa kitako papo hapo wakisubiri kukuche, kwa sababu giza la mtaa wanaokwenda ni la kuogopwa kuliko ubaridi wa sakafu ya stesheni. Huyu ni mteja aliyelipa nauli yake kamili. Reli imemtua salama, kisha ikamgeuzia mgongo mlangoni.

Kabla ya kupanda nako kuna kazi. Mizigo inapangwa chini kwa safu, abiria wanaambiwa warudi nyuma, mbwa wanapita wakinusa. Kisha kuna mashine ya kukagua mizigo, kisha tiketi na kitambulisho, kisha ukumbi wa kusubiri. Usalama sipingi, sote tunajua nchi hii imepitia nini. Ila msafiri hahesabu saa tano za treni peke yake. Anahesabu tangu alipofunga mlango wake Kayole, Nairobi, hadi alipobisha hodi kwa nduguye Kisauni, Mombasa. Akihesabu hivyo, zile saa tano zinageuka nane, na basi la usiku linaloshusha watu katikati ya mji linaanza kuonekana la maana. Huko ndiko treni yetu inakoshindwa, mwanzo wa safari na mwisho wake, na injini hata ikimbie vipi haiwezi kuziba pengo hilo.

Na msidhani tulijifunza. Oktoba 2019 reli ilisogezwa kilomita 120 kutoka Nairobi, ikaitwa ya Naivasha, lakini abiria anashushwa Suswa, nyikani, mbali na mji wa Naivasha. Kosa lile lile, kwa mkopo mwingine.

Dhambi ya pili ni kubwa zaidi. Reli hii imewafuta watu wa njiani.

Reli ya kwanza ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwani Kisumu mwaka 1901. Ilijengwa kwa faida ya mkoloni, na wengi walipoteza maisha wakiijenga, lakini njiani ilizaa miji. Mackinnon Road pana msikiti na kaburi la Sayyid Baghali, anayesimuliwa kuwa alikuwa mfanyakazi wa reli, kando kabisa ya njia ya treni. Mpaka leo wasafiri wa barabara kuu husimama pale wakaomba dua kabla ya kuendelea na safari. Makindu pana hekalu la Masingasinga, lililojengwa na watu wa reli mwaka 1926, ambalo humlisha mpita njia yeyote bila kumuuliza dini wala kabila. Mazeras, Samburu, Taru, Maungu, Sultan Hamud, Konza: miji hii yote ilikuwa na stesheni. Watu walijenga vibanda na nyumba karibu na reli kwa sababu treni ilisimama. Ikisimama, kila dirisha la behewa lilikuwa duka, na mahindi ya kuchoma, ndizi na maembe yakapandishwa juu huku sarafu zikishuka chini. Karo za shule zililipwa kwa biashara hiyo.

Mwisho wa Aprili 2017 treni ya abiria ya reli ya kale ilifanya safari yake ya mwisho kati ya Nairobi na Mombasa. Mwezi mmoja baadaye ikaja mpya, yenye vituo saba tu njiani: Mariakani, Miaseny, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali na Athi River. Baadhi ya vituo hivyo vimejengwa mbali na mji uliovipa jina, na treni inayosimama katika vyote ni moja tu kwa siku kila upande. Mkazi wa Taru anaiona treni ikipita juu ya tuta, madirisha yamefungwa, hakuna wa kumuuzia wala wa kumpakia. Mtoto wake akiugua na kuandikiwa hospitali ya Mombasa, anasimama kando ya barabara kuu akipungia malori na matatu zilizojaa. Wakati ule wa treni mbovu alikuwa na treni. Sasa hana.

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao, nasi tukauacha. Njia ya kale haijang'olewa, ingali ikipitisha mizigo. Kilichoondolewa ni behewa la abiria. Hakuna sheria ya maumbile inayosema treni ndogo ya mabehewa manne haiwezi kutoka Voi alfajiri, ikasimama Maungu, Mackinnon Road, Taru, Samburu, Mariakani na Mazeras, ikaingia Mombasa na wanafunzi, wagonjwa na wachuuzi, kisha ikawarudisha jioni. Hivyo ndivyo treni zilivyofanya kwa zaidi ya karne nzima.

Nitaambiwa ni ndoto. Ni ndoto gani hiyo iliyokwisha kutimizwa kwingine? Njia ya Nanyuki ililala miaka mingi, nyasi zikaota katikati ya vyuma. Ikafufuliwa kwa shilingi bilioni 1.8 hivi, vijana wa Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS) na wanajeshi wakifanya kazi pamoja na mafundi wa Shirika la Reli, na Desemba 2020 treni ya abiria ikarudi. Desemba iliyofuata ikarudi Kisumu. Watanzania nao, huku wakijenga reli yao mpya, waliirejesha treni ya abiria ya Dar es Salaam hadi Moshi mnamo Desemba 2019 kwa reli ile ile ya kale, na mwaka 2020 ikafika Arusha. Sisi tuna tawi la Voi hadi Taveta, lililojengwa wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, ambalo lilivuka mpaka na kuungana na reli ya Tanzania huko Kahe, karibu na Moshi. Njia hiyo ingeweza kumtoa mtu Mombasa na kumshusha Moshi au Tanga bila kukanyaga lami. Viongozi wetu wanakwenda Arusha kuhutubia juu ya kuwaunganisha Waafrika Mashariki, na kiungo chenyewe kinaliwa na kutu Taveta.

Sasa tuje kwenye nauli, maana hapo ndipo roho inapouma.

Hadi mwisho wa 2023 tiketi ya daraja la kawaida kutoka Mombasa hadi Nairobi ilikuwa shilingi 1,000, na daraja la kwanza 3,000. Tarehe 1 Januari 2024 zikawa 1,500 na 4,500. Nyongeza ya nusu nzima, kwa siku moja, na sababu iliyotolewa ni kupanda kwa bei ya mafuta. Baadaye likaletwa daraja la kifahari la shilingi 12,000. Mwenye nacho aongezewe starehe akitaka, sina kinyongo naye. Lakini nioneshwe lililoongezwa kwa ajili ya mwanafunzi wa chuo anayerudi nyumbani Kwale, au mzee wa Kibwezi anayefuata matibabu. Akina yakhe walipandishiwa bei. Matajiri wakatengenezewa behewa.

Na hiyo sababu ya mafuta ni ushahidi dhidi ya walioitoa. Nani aliamua kwamba reli mpya kabisa ya karne hii iendeshwe kwa dizeli? Tanzania ilianza kuijenga ya kwao mwaka ule ule tuliozindua yetu, ikaamua tangu mwanzo kuwa itatumia umeme. Mwaka 2024 treni zao zilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, kisha Dodoma, kwenye njia iliyojengwa kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa. Za kwetu za abiria ni za kilomita 120. Umeme una matatizo yake, gridi ikizima na treni husimama. Lakini nchi yenye mvuke wa kuzalishia umeme chini ya ardhi yake huko Olkaria haikuwa na sababu ya kumfunga abiria wake kwenye bei ya pipa la mafuta la ng'ambo.

Kuna jambo jingine ambalo wanasiasa hawapendi likumbushwe. Mwaka 2013 ulianzishwa ushuru wa maendeleo ya reli, kwa asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa zinazoingizwa nchini. Kiwango kimepanda na kushuka tangu hapo, ila ushuru haujaondoka. Nani anaulipa? Mwagizaji anaupitisha kwa mwenye duka la jumla, wa jumla kwa wa rejareja, wa rejareja kwa mnunuzi. Kila betri, kila shati la mtumba, kila simu inayouzwa Samburu au Sultan Hamud ina kipande cha reli ndani ya bei yake. Yule mkazi wa Taru ambaye treni haisimami kwake anailipia kila anapokwenda dukani. Hiyo ni dhuluma, na sioni jina jingine la kuipa.

Watetezi wa mambo yalivyo wana hoja moja wanayoipenda: treni ya abiria haina faida, pesa ziko kwenye mizigo. Nawajibu hivi. Barabara ya Nairobi hadi Mombasa inaleta faida gani kwenye vitabu vya hesabu? Nani amewahi kusimama bungeni akataka barabara ya kijijini kwake ifungwe kwa kuwa haijarudisha gharama? Tunajenga barabara kwa kodi, tunazikarabati kwa kodi, na hakuna anayeiita hasara. Reli peke yake ndiyo inayotakiwa ijilipie kila msumari.

Na gharama ya barabara haiishii kwenye lami. Kila mwaka barabara zetu huua Wakenya zaidi ya 4,000. Sehemu ya damu hiyo humwagika usiku kwenye barabara kuu, pale basi linapolipita lori kwenye kona na kukutana na lori jingine uso kwa uso. Kila behewa lililojaa ni watu waliotolewa kwenye hatari hiyo. Treni zetu za reli mpya zimekuwa zikibeba abiria zaidi ya milioni mbili kwa mwaka. Hesabu wangekuwa wangapi kama wa Maungu, wa Konza, wa Taveta na wa Malaba nao wangekuwa na mahali pa kupandia. Waweke kwenye vitabu vyao gharama ya mazishi, ya vitanda vya wodi ya majeruhi, ya watoto waliobaki yatima, kisha waje tuzungumze habari ya hasara.

Sisemi treni ni salama kwa kudra tu. Usalama wa reli ni matunzo ya kila siku. Januari 1993, huko Ngai Ndethya, mafuriko yaliondoa daraja, na treni ya abiria ikatumbukia mtoni usiku. Waliokufa walizidi mia moja. Reli inahitaji watu wanaotembea juu yake wakigonga vyuma, wanaokagua makalvati kabla ya masika, wanaobadilisha mataruma yaliyooza bila kungoja ajali. Kazi hiyo haina utepe wa kukatwa wala kamera za televisheni, na ndiyo maana bajeti yake huwa ya kwanza kupunguzwa. Reli ya kale haikufa kwa uzee. Iliuawa na miongo ya kunyimwa matunzo, na mpya itakufa kifo hicho hicho ikitendewa hivyo hivyo.

Ninachotaka ni mambo ya kawaida kabisa. Kila treni inayoingia Miritini, iwe mchana au saa tisa usiku, ikute usafiri unaoingoja, wenye nauli iliyobandikwa ukutani, na treni ikichelewa usafiri huo uchelewe nayo. Treni ndogo ya vituo vyote irudi kwenye reli ya kale kati ya Voi na Mombasa, na nyingine kati ya Sultan Hamud na Nairobi. Sheria itenge fungu la ushuru wa reli kwa ajili ya abiria, lisiguswe kwa kazi nyingine. Wanafunzi na wazee wapewe nauli yao, na pasiwe na nyongeza yoyote kabla ya wananchi kusikilizwa. Shirika la Reli litangaze kila baada ya miezi mitatu treni ngapi zilifika kwa wakati na ngapi zilichelewa, na kwa nini. Na kabla ya reli hii kufikishwa Kisumu na Malaba, tuoneshwe ramani ya vituo. Stesheni ya Kisumu iwe Kisumu. Ya Malaba iwe Malaba.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji mkopo wa China. Yanahitaji mtu aliye ofisini apande treni ya usiku bila msafara, abebe begi lake mwenyewe, ashuke Miritini gizani na kujitafutia njia ya kwenda Kisauni. Asubuhi yake ataandika barua zinazostahili kuandikwa.

Nawe msomaji, usiishie kunung'unika ndani ya matatu. Vikao vya maoni ya umma kuhusu bajeti hufanyika kila mwaka katika kaunti. Nenda, omba kipaza sauti, mtazame mbunge wako machoni na umuulize ushuru wa reli unaoukamua mfuko wako umemfanyia nini abiria wa eneo lako. Asipokuwa na jibu, usimwachilie. Mwaka 2027 yeye ndiye atakayekuwa akikuomba.